Karatasi za Hasira Nilizozificha Chini ya Jeki

Mliniomba niwaandikie mambo ya gundi na sindano, jinsi tulivyokuwa tukijalidi vitabu hapa Juba kabla nyinyi hamjapata simu za kusomea. Nikakubali kwa moyo mweupe. Halafu Jumamosi ile nikaja kwenye chumba chenu cha kusomea hapa Hai Malakal, mkanipa kiti cha plastiki na soda baridi, na binti mmoja akasimama akasema kitabu mlichosoma mwezi huo kilimchefua. Alisema alikirusha ukutani. Alisema aliandika hivyo kwenye kundi lenu la simu, na baada ya dakika chache maneno yake hayakuwepo tena. Kiongozi wenu Lado, kijana mwenye adabu zake, akamjibu huku akinitazama mimi ili nimuunge mkono: "Haboba atanielewa. Hapa tunataka maoni ya kujenga tu."

Soda ilinipalia. Haboba, yaani bibi, hakumwelewa hata kidogo. Niliaga, nikapanda boda mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana na sufuria. Sasa nimepoa kidogo, si sana. Mambo ya gundi mtayapata, lakini mtayapata pamoja na ugomvi, maana mlichofanya nyinyi kwa kidole kimoja mimi niliwahi kukifanya kwa wembe, na ninajua kilimgharimu nani.

Tuanze na gundi. Unga wa muhogo, usije ukatumia wa mahindi. Upepete mara tatu. Uukoroge kwanza kwa maji baridi, kwa sababu ukiumwaga kwenye maji ya moto utapata madonge, na donge moja mgongoni mwa kitabu halitoki maisha. Maji yenyewe uyachemshe na majani ya mwarobaini, ili mende na mchwa wakionja wateme. Hilo nililijua kwa aibu. Nilikuwa msichana mkimbizi, Kampala, najifunza kazi kwa mjalidi mmoja mzee aliyeitwa Byaruhanga, na nikajiona mjanja: nikatumia unga wa mahindi nikaongeza na sukari ili gundi ing'ae. Vitabu arobaini vya nyimbo za kanisa. Panya walikula migongo yote kwa siku mbili. Mzee Byaruhanga hakunichapa. Siku ya Pasaka alinipeleka kanisani, akanisimamisha mbele ya kwaya nimshikie mwalimu wao kurasa kwa mikono miwili, nyimbo zote tisa. "Leo wewe ndiyo gundi," aliniambia. Watu walicheka mpaka padri naye akacheka. Mpaka leo hata kwenye chai sukari naitia kwa mashaka.

Uzi niliununua Rejaf kwa wavuvi, ule wa kushonea nyavu, nikaupaka mabaki ya mishumaa ili upite kwenye tundu bila kuchana karatasi. Kibanio changu kilikuwa jeki ya lori iliyokandamiza mbao mbili za mlango wa mvule. Jeki ile ilikuwa nzito kiasi kwamba wezi walionivunjia kibanda mara mbili waliiacha mara zote mbili. Chini ya ubao wa chini palikuwa na nafasi ya upana wa kiganja, pakavu, pasipofika mvua. Pakumbukeni mahali hapo.

Niliporudi nyumbani Juba niliona kujalidi peke yake hakujazi chungu, nikaanza kuazimisha vitabu pale kibandani, hapa hapa Hai Malakal. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, unaacha kitu unachokihitaji. Fundi mmoja wa ujenzi aliniachia buti moja la mpira, akafanya kazi wiki nzima na buti mguu huu na kandambili mguu ule. Ya pili, hupati kitu chako mpaka uandike kitabu kimekufanya nini. Kwa ajili hiyo kila kitabu nilikishonea mwishoni karatasi nane tupu, kwa uzi wa peke yake, ili zikijaa niuvute zitoke zote, nishone nyingine bila kukigusa kitabu. Tuliziita mkia. Yule mwenye buti aliandika, "Kizuri." Nikamrudisha. Akaandika, "Kizuri sana." Nikamrudisha. Mara ya tatu akaandika kwamba yule daktari wa kwenye hadithi ni mwongo kama shemeji yake, na angepata njia angeingia humo ndani amzabe kofi. Nikampa buti lake.

Na kulikuwa na ujanja wa Mzee Byaruhanga ambao wasomaji hawakuujua. Nawapa bure. Ukimaliza kitabu, chukua njiti ya kibiriti, chovya kwenye gundi nyepesi, gusa kona ya ukurasa mmoja katikati na mwingine karibu na mwisho, kila mmoja ushikane na unaoufuata. Tone dogo tu. Anayesoma kweli akifunua, tone linaachia na wala hasikii. Asiyefika hapo, tone linabaki zima, na wewe mwenye kitabu unajua. Kitabu kikirudi, unaweka matone mapya. Mzee alikuwa akisema, kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Usiamini mdomo ya msomaji. Amini gundi." Nilimsikia kwa masikio tu.

Sasa Keji.

Keji alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa miaka ishirini na sita. Alizaliwa ukimbizini Uganda, akasoma sekondari Kenya, akarudi Juba na Kiswahili kilichonyooka na tabia ya kumtazama mtu bila kupepesa. Siku moja alinijia kibandani na mfuko wa nailoni wenye karatasi zilizopigwa chapa, nakala mbili za riwaya aliyoiandika mwenyewe. Aliiita *Malango ya Maji*. Ilikuwa habari ya mji wa miaka ijayo ambao mto wake umezungushiwa ukuta. Ili ufike kwenye maji lazima upite malango, na kila lango linalindwa na vijana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, waliojipaka meno rangi nyeusi. Wao ndio wanaoamua nani anywe na nani afe. Damu ilikuwa nyingi, na Keji hakuifunika na kitambaa.

Vijana wale walikuwa na lugha yao. Keji aliitunga, kidogo kutoka Sheng, kidogo kutoka Kiarabu chetu cha Juba, na maneno mengi ambayo hayajawahi kutoka kinywani mwa mtu. Kuua walikuita kufyuma. Damu waliiita nyelu. Nilipofika ukurasa wa pili nilitaka kumrudishia karatasi zake. Nilipofika ukurasa wa kumi nilikuwa nawaelewa bila kuuliza, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Shona," Keji aliniambia. "Weka kibandani, watu wasome. Na mkia uwe mrefu."

"Watakutukana, binti yangu."

"Wanitukane. Haboba, kuna kitu nimekiacha nje ya kitabu hiki kwa makusudi. Sikuambii ni nini. Nataka mtu akione mwenyewe. Akikiona mtu mmoja tu, nitaandika kitabu cha pili, maana ninacho chote kichwani. Asipokiona hata mmoja, basi nitakuwa nimewaandikia damu tu, na damu watu wanayo ya kutosha bila mimi."

Nilizishona nakala zile kwa siku nne. Mimi hushona huku nasoma, ndiyo sababu sikuwahi kutajirika. Kwenye ukurasa wa thelathini na tisa nilijichoma sindano ndani ya ukucha, jambo lililokuwa halijanipata tangu nikiwa kwa Mzee Byaruhanga. Keji aliniona nikinyonya kidole akauliza kulikoni. Nikamwambia ni uzee. Haukuwa uzee, lakini hayo nitayarudia.

Msomaji wa kwanza alikuwa Okello, mwendesha boda kutoka Gulu. Aliacha kofia yake ya pikipiki, akakirudisha kitabu siku ya tatu akipiga kelele toka barabarani.

"Mama, hii kitabu iko moto! Pahali ya lango, ile nyelu inafika kwa magoti, mimi nasoma mara nne!"

"Na mwisho umeuonaje?"

"Mwisho pia iko sawasawa."

Nikafungua. Tone la katikati lilikuwa limeachia. La karibu na mwisho lilikuwa zima kama nilivyoliweka. Ningemrudisha kama nilivyomrudisha mwenye buti. Lakini alikuwa ameandika ukurasa mzima wa sifa, na sifa hata za uongo zina utamu wake, nikampa kofia.

Okello akawaambia wenzake wa stendi ya boda, nao wakawa wanakuja. Muda si muda maneno ya kitabu yakatoka nje ya kitabu. Kwenye uwanja wa mpira ukasikia, "Nitakufyuma!" Kwenye kisima ukasikia. Jirani yangu mmoja alimkuta mwanawe wa miaka saba ananyoosha kikombe anaomba "nyelu", na alichokuwa akitaka ni karkade, kile kinywaji chetu chekundu. Wengine walicheka. Jirani yangu huyo hakucheka, na simlaumu.

Jumapili moja baada ya misa wazazi wakaja kibandani, wakiongozwa na Mwalimu Pitia, katekista wetu. Yeye alikuwa ameazima kitabu akaacha mwavuli wake, na alikuwa amejaza karatasi yake nzima ya mkia, mbele na nyuma, akaomba na nyingine.

"Kitabu hiki kichomwe, Kiden," akasema.

"Umesoma mpaka wapi, Mwalimu?"

"Nimesoma ya kutosha."

"Gundi inasema hujafika hata katikati."

"Gundi?" Akageuka kuwatazama wenzake. "Sasa huyu mama anaongea na gundi."

Walicheka, nikacheka nao, halafu mmoja wao akaacha kucheka. Akaniambia taratibu kabisa kwamba kibanda changu kimesimama kwenye ardhi ya watu, na watu wakichoka nacho hakitasimama. Nilimpa katekista mwavuli wake. Nawaambieni ukweli, niliogopa.

Baada ya hapo karatasi za hasira ndizo zilizokuwa zikija. Mwuguzi mmoja aliandika, "Majeraha haya nimeyashona kwa mikono yangu, kwa nini unanifungulia nyuzi?" Mwanamume mmoja aliyewahi kuwa askari, ambaye hakutaka hata kunitajia jina, aliandika mstari mmoja: "Nani alikupa ruhusa?" Matone ya kitabu yalikuwa yameachia yote mawili. Ukimwondoa Pitia, kila mara nilipokagua, wenye hasira walikuwa wamesoma mpaka mwisho. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, nimeuweka mwenyewe kwa njiti ya kibiriti, na sikuutazama.

Wa mwisho alikuwa Mama Asunta. Alikuwa mfua nguo, mjane, anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni. Wote mtaani tulijua kwamba mwanawe alikuwa ameondoka nyumbani na kundi la vijana, hajarudi. Alipoazima kitabu aliacha pasi yake ya makaa, yaani aliacha mkate wake. Alikaa nacho siku tisa. Siku tisa hakupiga pasi. Aliporudi hakunisalimia, aliandika akiwa amesimama, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, halafu akakitupa kitabu mezani.

"Chukua kitabu yako," akasema. "Mimi nakasirika na huyo mtu."

Akabeba pasi yake akaenda. Nikafunua karatasi yake. Mstari wa kwanza ulisema, "Mimi nakasirika na wewe mtu wa kuandika." Nikaishia hapo. Mimi, niliyemrudisha mwenye buti mara mbili kwa uvivu wake, niliishia mstari wa kwanza.

Keji alikuwa amesema atakuja siku hiyo mchana, akitoka shule, asome mkia wote. Nikavuta uzi. Karatasi kumi na sita za mikia miwili zikamwagika mezani. Nikachukua wembe, nikazitenganisha moja moja: tamu kulia, chungu kushoto. Tamu zilikuwa tano, Okello na wenzake. Chungu kumi na moja. Zile tano nikazishona upya, mshono mzuri kabisa, kazi safi. Kumi na moja nikaziviringisha kwenye karatasi ya mfuko wa saruji nikazisukuma chini ya jeki. Nilijiambia ninamlinda binti wa watu. Upuuzi mtupu! Nilikuwa nakilinda kibanda changu. Nilijua akiziona atataka kuwajibu, akijibu wazazi watarudi, na mimi sikutaka kuwaona wale watu mlangoni kwangu tena.

Keji akaja. Alisoma zile tano akiwa wima, mkoba wa shule begani. Akazigeuza, akazisoma tena.

"Ndizo hizi tu?"

"Ndizo hizi."

"Hakuna hata mmoja aliyekasirika?"

Nikainama nikaanza kupanga nyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa. Nikamwambia, "Wote wamekipenda."

Alikifunga kitabu polepole. "Basi wameona damu tu," akasema. Akachukua nakala zote mbili, akanishukuru kwa kazi nzuri, jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa peke yangu naguna kwa sauti, na akaondoka. Baada ya miezi michache nikasikia ameacha ualimu, anapima mizigo kwenye ghala la uwanja wa ndege. Sikwenda kumwona. Miaka miwili nilishona mafaili ya watu.

Halafu nikaenda Rejaf kununua uzi. Pale karibu na mahali mitumbwi inapotia nanga kulikuwa na mama anauza karanga za kukaanga. Nikanunua, nimekula nusu, ndipo nikaona kwenye koni ya karatasi, chini ya chumvi, neno "nyelu". Nikazimwaga karanga kwenye leso nikaikunjua ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa sitini na moja.

"Karatasi hizi umezipata wapi?"

"Ni mtoto wa dada yangu, Keji. Alinipa, anasema hazina kazi tena. Shunu, kuna nini?"

Nilinunua karanga zote, na kikapu cha karatasi zilizobaki nacho nikakinunua. Yule mama alidhani nimepandwa na wazimu, na hakukosea sana. Karanga niliwagawia abiria wa gari zima wakati wa kurudi, wakanibariki, na kila baraka iliniuma. Kati ya nakala zile mbili niliweza kupanga kitabu kimoja. Kurasa kumi na mbili hazikupatikana, zilikwenda na karanga.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, niliinua ule ubao nikaitoa karatasi ya saruji. Nikasoma zote kumi na moja kwa mara ya kwanza kama nilivyowataka wengine wasome. Hii ndiyo ya Mama Asunta, nimeinakili kama alivyoiandika:

"Mimi nakasirika na wewe mtu wa kuandika. Hawa vijana wako iko na maneno saba ya kuua. Mimi nahesabu, saba. Neno ya mama iko wapi? Natafuta kutoka mbele mpaka mwisho, nasoma mara mbili, hakuna. Kijana yangu akikuja nyumbani mara ya mwisho alikuwa anaongea hivi, maneno mapya mapya, na mimi aliniita wewe, kama mtu wa njiani. Nani alikuambia? Kama unajua hii basi unajua vile yeye anaenda wapi. Andika. Mimi nangoja."

Nilikaa chini kwenye vumbi. Kile kitu alichokiacha Keji kwa makusudi, kuna mtu alikuwa amekiona. Alikiona kwa sababu alikuwa na hasira ya kutosha kukitafuta mara mbili, na aliweka pasi yake rehani ili akione. Na karatasi yake ililala chini ya jeki yangu miaka miwili.

Kesho yake asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege. Keji alikuwa kwenye ghala, amevaa fulana ya kung'aa, anapima maboksi ya kwenda Entebbe. Nikampa karatasi bila salamu, maana salamu ingenisaidia kuchelewa. Aliisoma. Halafu akaiweka juu ya mizani, sijui kwa nini, akaitazama namba, na mizani haikusogea.

"Aliandika lini?"

"Siku ile ile. Kabla hujaja."

"Ilikuwa pale? Nilipokuuliza, ilikuwa pale?"

"Chini ya jeki."

"Ya haboba!" Alipiga kelele mpaka wapagazi wakasimama na mizigo vichwani. "Nani alikuambia mimi naogopa hasira? Nilikuwa naingoja! Wale watano uliowachagua ndio walionivunja! Ulinichagulia, Haboba. Ulinichagulia wasomaji!"

"Maleesh," nikasema. Ndivyo tunavyoomba radhi hapa kwetu, na mnajua neno hilo lilivyo jepesi, tunalisema hata tukimkanyaga mtu sokoni.

"Usiniambie maleesh. Huyu mama yuko wapi?"

Nilikuwa nimeshauliza njiani. Mama Asunta alikuwa amehama. Pasi yake alimwachia jirani, akasema anakwenda kumtafuta mwanawe, na hakuna aliyejua ameshika njia gani. Nilipomwambia hivyo, Keji alijifuta uso kwa kiganja cha glavu, akaacha alama nyeusi shavuni.

"Na yako?" akauliza.

"Yangu?"

"Karatasi yako. Kitabu changu ulikisoma kabla ya watu wote. Umewanyima watu mabuti na pasi mpaka waandike. Wewe yako iko wapi?"

Katika miaka yote ile, katika mikia yote niliyoshona, hakuna mstari hata mmoja wa mkono wangu.

"Ukiiandika niletee," akasema, akanirudishia ya Mama Asunta, akarudi kwenye maboksi yake.

Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Sikuiandika. Nilijiambia vidole vimepinda, na kweli vimepinda, mliviona. Nilifunga kibanda, nikastaafu, nikawa bibi wa kualikwa na kupewa soda. Mpaka Jumamosi ile, Lado, uliponitazama ili nikuunge mkono.

Siyo kila anayekasirika amesoma. Mwalimu Pitia alikuwa amekasirika huku gundi yake ikiwa bado nzima. Lakini huwezi kujua nani ni Pitia na nani ni Asunta kwa kuonja maneno yao kama ni matamu. Inabidi usome mpaka mwisho wa walichoandika, na inabidi wewe mwenyewe uvumilie kuumia. Yule binti aliyerusha kitabu ukutani, Lado, mtafute. Mwombe aandike tena alichoandika, chote, na kisifutwe hata nukta. Halafu mkae mbele yake mumuulize ni ukurasa gani aliokuwa akisoma mkono wake ulipoinuka.

Jumatatu nilirudi uwanja wa ndege. Nilimwambia Keji kuhusu nyinyi, nikamwambia kitabu nimekikusanya na nataka kuwapa. Alisikiliza huku anaandika namba za mizigo.

"Wape," akasema. "Lakini karatasi yako iwe ya kwanza kwenye mkia. Ya huyo mama iwe ya pili."

"Na kitabu cha pili, utaandika?"

"Nione kwanza wewe utaandika nini."

Kwa hiyo kitabu hicho mtakachokikuta ndani ya kitambaa ni *Malango ya Maji*. Nimekishona mwenyewe siku sita, mishono imepinda, msicheke. Kina mafuta ya karanga, na pale kurasa zinaporuka, mjue ni zile kumi na mbili. Ukurasa wa thelathini na tisa umepona, una chumvi pembeni. Matone ya gundi nimeweka, na safari hii sikuyaweka pale nilipowaambia. Kumi na moja zote zipo nyuma, na tano tamu, nilizozikuta kwenye kikapu cha karanga, nazo zipo, maana Okello naye ni msomaji, tone moja la katikati lilimwachia. Kila mmoja wenu ataacha kitu anachokihitaji. Lado, wewe utaacha simu.

Na karatasi ya kwanza ni hii. Nimeinakili hapa ili msiseme bibi amewaagiza kazi aliyoikimbia.

"Mimi Kiden, mjalidi. Nilikasirika, Keji. Kwenye ukurasa wa thelathini na tisa kuna mwanamke anayeshona magunia karibu na lango la tatu. Vijana wanamburuta mtu mbele yake, yule mtu anamwita kwa jina lake, naye anainama chini kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Ulimpa mistari minne tu, ukampita. Nilichukia kwamba umemwona. Nimeinama hivyo mara tatu maishani mwangu, mara mbili barabarani, na mara ya tatu siku uliponiuliza kama hakuna aliyekasirika. Huwezi kumwacha pale chini. Andika cha pili. Nataka kujua kama aliinua kichwa."